Sufuria Chini ya Bahari

Jambo lote lile lilitugharimu jogoo mmoja, kikapu cha vitunguu, safari nne za lori na kisigino cha buti la mume wangu. Nimehesabu tena: safari ni nne, kwenda na kurudi mara mbili. Kwa gharama hiyo tuliiona bandari ya Mombasa bila kutoka Kasese.

Ilikuwa miaka ya sitini inaelekea kwisha. Nilikuwa nauza vitunguu sokoni Bwera, na mume wangu alikuwa polisi pale pale, mtu wa mbali, wa kaskazini. Tulikaa kambini, chumba kimoja, na binti yetu wa kwanza bado wa kubebwa mgongoni. Mama yangu alikaa juu mlimani, Kyarumba, na hakuwa ameshuka hata siku moja tangu niolewe. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba askari ni mtu wa kuhamishwa, na siku moja huyu wangu atanipakia kwenye treni kama gunia la pamba, na yeye mama asinione tena. Nikituma salamu, alirudisha salamu. Nikituma sukari, alirudisha kikapu kitupu, kimeoshwa.

Jumapili ya baada ya mshahara, wenye watoto walipanda lori kwenda Kasese kutazama treni. Hatukuwa na safari. Tulikwenda kuwaona wenye safari. Wake wa askari, watu wa mgodini, watoto wamevishwa soksi juani, kila mmoja na andazi lake mkononi. Treni ikishapiga honi na kwenda zake, watu walihamia nyuma ya maduka kwa mpiga picha mmoja, Mkongomani wa upande wa Butembo. Alikuwa ametundika pazia kubwa lililochorwa bandari: maji ya bluu, meli nyeupe, winchi mbili, minazi. Alilichora mwenyewe, na bahari hajawahi kuiona. Moshi wa meli ulikwenda kulia, bendera ikipepea kushoto. Nikamwonyesha.

"Mama, bahari iko na pepo mingi," akanijibu, wala hakugeuka. "Beko vichwa tatu. Mutalipa ya tatu."

"Viwili. Huyu yuko mgongoni, ni mzigo."

"Muzigo iko na macho! Itaonekana mu foto."

"Basi atafumba."

Mume wangu alitazama minazi kana kwamba hanijui. Mwishowe tulipatana vichwa viwili kwa pesa na cha tatu kwa kikapu cha vitunguu. Kwa furaha ya kupata vitunguu, mpiga picha akatuongezea vitu vya bure: koti jeusi kwa mume wangu, na sanduku la safari la kushika mkononi. Hilo la bure ndilo lililoniponza.

Picha ilipotoka nilimpa mama mmoja wa Kyarumba aliyekuja sokoni na kahawa, amfikishie mama. Sikuandika kitu, maana mama hasomi, na nilidhani picha inajieleza. Kweli ilijieleza. Ilipita mikono kadhaa njiani, na aliyeifikisha alijua tu kwamba imetoka kwangu. Mama akaona meli. Akaona mume wangu amevaa koti la safari, sanduku mkononi, na mimi nimemfunga mtoto mgongoni. Akaketi chini. Majirani wakaja kuketi naye, na usiku wakawasha moto uani kama kwenye msiba.

Hayo yote sikuyajua. Siku ya soko iliyofuata nilikuwa nimeinama napanga mafungu yangu, mtu akasimama mbele yangu.

"Vitunguu hivi bei gani?"

Nikataja bei kabla ya kuinua uso.

"Ghali," akasema. "Na huko Mombasa vinauzwa hivyo hivyo?"

Alikuwa mama. Vumbi limempanda hadi magotini, furushi kichwani, jogoo kwapani. Yule mama wa kahawa alikuwa amerudi mlimani na kumwambia kwamba mwanamke anayepayuka sokoni Bwera kwa sauti yangu hawezi kuwa mwingine ila mimi. Ndipo akashuka, na jogoo wa kutuaga, kama angetukuta bado tunafunga mizigo.

"Mama, hakuna meli. Ile ni nguo."

"Nguo."

"Imechorwa."

"Watu wameacha mashamba yao wakalia na mimi kwa ajili ya nguo?" Alimtua jogoo juu ya vitunguu vyangu. "Nionyeshe."

Kambini, mume wangu alisimama wima kama mbele ya mkubwa wake wa kazi. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaongei ovyo, kwa hiyo mama alinitazama mimi.

"Mwambie huyo askari anipeleke kwenye meli yake."

Mume wangu, aliyekuwa hatua moja kutoka kwake, naye akanitazama mimi. "Mwambie mama, Jumapili twende."

Nikawaambia wote wawili walichokwisha kusikia.

Alikaa nasi hadi Jumapili. Alikula kidogo, akambeba mjukuu sana, na lile suala halikutajwa. Lakini nilijua linalosubiri. Akitoka Kasese hajaridhika, atapanda mlima wake na hatashuka tena, na mimi nitakuwa na mama kwa upande mmoja na mume kwa upande mwingine hadi mwisho.

Treni hakuijali. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye pazia.

"Karibu bandarini, mama mukubwa!" mpiga picha akamchangamkia.

Mama aligusa meli kwa kidole, akanusa kidole. Kisha akashika pindo la pazia, akaliinua. Nyuma ya bahari kulikuwa na mafiga matatu, sufuria ya maharage inatokota, na mke wa mpiga picha anamenya ndizi. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto.

"Maharage ya wapi haya?" mama akauliza.

"Ya Kyarumba, mama."

Hapo akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu niolewe. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Mwambie huyo askari afungue sanduku."

Likafunguliwa. Ndani mlikuwa na shati moja la mpiga picha. Mama akalifunga mwenyewe, akalikalia, pale pale pembeni ya bandari.

"Muulize, wakimhamisha itakuwaje?"

Nikafungua mdomo, lakini mume wangu alinitangulia. Akachuchumaa, akamtazama yeye. "Nitapanda Kyarumba kwa miguu yangu nikuambie mwenyewe, mama. Kabla sijafunga hata kijiko."

Mama alimgeukia mpiga picha. "Tupige."

"Achia kwanza pazia, mama. Unaniharibia bahari!"

"Nimelishika kwa kusudi. Watu wangu walilia. Waone sufuria kwa macho yao."

Mpiga picha alilipwa kwa yule jogoo, na safari hii hatukubishana vichwa. Picha ni ile: mama amekalia sanduku, mkono umeinua kona ya bahari, na chini ya meli kuna sufuria inayotoa moshi. Moshi wake, angalau, unakwenda juu.

Uhamisho ulikuja miaka ya sabini. Mume wangu alipanda Kyarumba kama alivyosema, na kile kijia kikamng'oa kisigino cha buti karibu na kilele. Nilikuwa nyuma yake na watoto. Alifika kwa mama anachechemea, akaeleza yote kabla ya kupewa maji. Nilingoja kuambiwa nimwambie. Mama akamtazama yeye. "Keti, mwanangu," akasema. "Vua hilo buti."

Tulikwenda, tukarudi, tukaenda tena, na kila mara alituaga kwa jogoo.

Sasa picha imeliwa na unyevu. Kijana mmoja mjini Kasese anasema ataisafisha kwa kompyuta. Nimemshusha bei mara mbili na bado anatabasamu, kwa hiyo naona bei niliyoishia bado iko juu. Anasema sufuria ataiondoa bure, aweke bahari hadi chini. Binti yangu, yule mzigo wa mgongoni, anataka itoke, eti inatuaibisha ukutani mbele ya wakwe zake. Lakini mkono wa mama umeshika pindo lile, na kijana anasema sufuria ikitoka, mkono nao utatoka. Na mimi vya bure navijua. Ninyi mnaojua mambo haya ya picha, nishaurini kabla hajaanza kazi Jumatatu: nimwambie aitoe, au aiache?