Dada Aliyefika Kabla ya Ndege

Wewe cheka tu, lakini haya niliyaona kwa macho yangu, asubuhi kweupe, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Miaka ile ya baada ya Uhuru nilikuwa naangalia kiwanja cha ndege cha Mweiga. Usifikirie kiwanja kama kile cha Nairobi! Kilikuwa nyasi tu, na kondoo za watu. Simu ikilia kwamba ndege imeondoka mahali, nafukuza kondoo, nawasha moto, natupia majani mabichi ili rubani aone moshi na ajue upepo unaelekea wapi.

Siku hiyo ndege ilitoka Maralal, na ndani alikuwa dada yangu Wangeci. Mumewe alikuwa mwalimu huko. Ilikuwa mimba ya kwanza, uchungu siku ya pili, na mtoto amekataa kutoka. Kwa barabara, mpaka hospitali ya huku kwetu, ni siku nzima, na mvua ilikuwa imeiharibu. Kwa ndege ni karibu saa moja, unavuka Laikipia yote. Shemeji akanipigia: "Wameondoka sasa hivi, yeye na muuguzi. Tuombee."

Nikawasha moto. Hata chai yangu haijachemka, nikamwona dada anakuja kwa miguu kutoka mwisho wa kiwanja, na leso yake ya bluu. Wee! Nilifurahi kama mjinga. Nikasema, ati ndege za siku hizi zina mbio hivi? Na ndege yenyewe iko wapi? Hilo sikujiuliza, mpaka alipokaribia nikaona hana tumbo. Nyasi ilikuwa na umande mwingi, lakini miguu yake ilikuwa mikavu.

"Mwana wa mama," akasema, "zima huo moto. Mimi nimefika."

"Na mtoto?" nikamuuliza.

Akatazama juu, upande wa kaskazini, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. "Ai! Yeye bado yuko njiani. Basi ongeza majani."

Hapo nikaelewa, nikalia. Ningefanya nini? Nimpigie nani simu, na ndege iko angani? Nilinyoosha mkono nimshike, nikashika moshi. Mawingu ya milima ya Nyandarua yalikuwa yanashuka. Nikatupa majani, nikatupa, naye amekaa ng'ambo ya moto bila kuota, ananitazama tu. Haki ya Mungu, hakuna saa ndefu kama ile.

Niliposikia injini nikainua macho. Kuyashusha, hayupo.

Muuguzi akashuka na mtoto wa kike anayelia, amemfunga kwa sweta yake. "Mama alijifungua tukipanda tu," akaniambia. "Damu ikakataa kusimama. Tungetua wapi?" Nyuma yake niliona leso ya bluu, imemfunika dada mpaka usoni.

Yule mtoto sasa ni mama wa watoto. Akisema anakuja kwangu, sikai ndani, natembea tu uani. Wengine, wageni wao wakichelewa, huanza kununa. Mimi yeye akichelewa namshukuru Mungu.

Na wewe, niamini: ukiwa unangoja mtu wa mbali, halafu atokee kabla ya safari yake kwisha, usikimbilie kumkumbatia. Mwangalie miguu kwanza. Halafu umuulize amemwacha nani njiani.