Baba mkwe wangu "alikufa" ndani ya casque na mimi nilinyamaza

Admin, nifiche vizuri. Tunaofanya kazi hii hapa Lubumbashi hatujai hata teksi moja, na nusu yetu tunafuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nina mke na mtoto mmoja. Sina diplome. Pale chuo kikuu cha Kasapa niliingia mara moja tu, kutengeneza projecteur. Kazi nilijifunza kwenye simu. Navalisha watu ile miwani mikubwa inayofunika uso, mtu anajiona yuko shimoni na kumbe amesimama kwenye kapeti ya ofisi. Tunafundisha wafanyakazi wa migodi kukimbia hatari bila mtu kuumia. Ndivyo tangazo letu linavyosema.

Baba wa mke wangu amefanya kazi mgodini miaka ishirini na sita. Tangu nioe, kila Jumapili bukari, ugali wetu, ikifika mezani ananiuliza mbele ya watoto wake wote: "Eee Monsieur Michezo, juma hili umeuwa bantu ngapi?" Wanacheka. Mke wangu naye anacheka kidogo, kisha ananiangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo inauma zaidi. Mimi nainamisha macho. Kwetu mkwe hajibizani na baba mkwe, hamgusi kichwa, hamkosoi mbele ya watu.

Halafu mambo yakaharibika. Madini yakazuiwa kutoka, malori yakalala mpakani Mokambo, mgodi ukaanza kufukuza watu. Chef wa wafanyakazi, mkubwa wao pale mgodini, akatujia na akili yake: wote wapite kwenye miwani, atakayekufa ndani ya zoezi atoke kazini. "Hivi hakuna mutu atasema tuliangalia kabila. Ni machine njo ilichagua." Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyetoka kuungama.

Sasa sikieni. Zoezi linaanza na sauti ya mwanamke, Kifaransa cha Ulaya, inayokuamuru uvae casque. Ndani ya picha kuna kofia ya njano imetundikwa ukutani, unanyoosha mkono unaichukua. Lakini hapa kwetu kofia ya mgodini ni casque, na ile miwani yangu nayo ni casque. Mzee yeyote akisikia amri, anajigusa kichwani, anakuta casque, anatulia. Mashine inaona hana kofia, inamwangushia jiwe. Kosa hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Kila mzee nilimnong'oneza kabla: "Papa, ni ile ya kwenye ukuta, si hii."

Kila mzee, isipokuwa mmoja.

Alikuja na shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akanisalimia kwanza yeye: "Yambo, mutoto yangu." Nilimpa miwani ajivike mwenyewe, nikarudi nyuma hatua tatu. Watu wakasema, angalia mkwe mwenye adabu.

Sauti ikaamuru. Akajigonga kichwani. "Iko!" Sauti ikarudia. "Ee mama, minasema iko! Hauone?" Wenzake wakacheka, chef akatoa simu akaanza kufilm. Neno moja lingetosha: ukutani. Nililishika mdomoni kama pipi. Jiwe likashuka, na mzee akaanguka kweli kwenye kapeti, mikono kichwani, akiita jina la mke wake. Nami nikacheka, kiasi cha kumpendeza chef.

Ile video chef ameitia muziki, sasa ndiyo tangazo letu jipya. Mji mzima umeiona. Sokoni wanamsalimia, "Yambo, marehemu."

Yeye hajakasirika. Angekasirika ningepona. Alimtuma mke wangu: "Uliza bwana yako, nilikosa wapi? Miye casque nilikuwa nayo." Nikamjibu mke wangu kwamba mashine haikosei. Mzee akaamini. Anawaambia watu ni uzee, akili imeanza kumtoka, na juzi aliomba mke wangu amshike mkono kuvuka barabara. Mbele ya ndugu zake mke wangu ananitetea: angesema nini, ni heshima ilimfunga kinywa. Nami naitikia kwa kichwa.

Kuna karatasi moja. Mwalimu wa zoezi, yaani mimi, akisaini kwamba lilikuwa na kosa, mzee atapimwa upya. Mwisho ni Ijumaa saa sita. Nikisaini, chef atauliza kwa nini wengine niliwaambia, na mke wangu atauliza hivyo hivyo. Kazi itakwenda, na mke pengine ataifuata. Nisiposaini, mzee atabaki marehemu anayetembea, na mimi mkwe mwenye adabu.

Ndugu zangu, semeni nami, nifanye nini? Ila msiniandikie "omba msamaha". Msamaha ningeuomba leo leo, maana hauna mahali pa kusaini.