Paa la Baba Liligoma Kung'oka

Siku upepo ulipong'oa mapaa ya watu mtaani kwa baba, mimi nilikuwa nimesimama dirishani kwenye chumba changu cha kupanga, naomba la kwetu nalo ling'oke.

Baba mwenyewe alikuwa salama. Nilikuwa naye humo ndani, amekaa kitandani kwangu na kikombe cha chai ambacho hajakigusa.

Kabla hujaniita kichaa, nisikilize.

Mimi ni fundi sola. Mwanamke, ndiyo. Yale ya "dada, utashuka salama kweli?" nimeyasikia mpaka nimeyachoka, na ngazi yangu naibeba mwenyewe. Mtaani wananiita Mama Paneli, na mtoto sina hata wa kusingiziwa.

Baba ni seremala, au alikuwa, mpaka magoti yalipomkatalia. Nusu ya mapaa ya mtaa ule kapiga yeye. Ukitembea naye anakuonyesha njia nzima: hili langu, lile langu, lile pale siyo langu, ndiyo maana limepinda.

Mama alikuwa mgonjwa wa mapafu.

Hospitali walimruhusu arudi nyumbani kwa sharti moja, awe na mashine ya oksijeni. Kitu chenyewe kina ukubwa wa ndoo, kina magurudumu, kinanguruma kutwa kucha na kumpelekea hewa puani kwa mrija. Kinakula umeme. Na umeme wa kwetu, we acha tu. Unaondoka bila kuaga, unarudi ukijisikia.

Kaka yangu mkubwa tunamwita Bosi, kwa sababu tangu utotoni anaongea kwa amri. Anafanya kazi mbali. Akatuma paneli, betri na inveta, kisha akapiga simu.

"Fundi si wewe? Zikifika zifunge, mama apumue."

"Zikifika leo, kesho zimefungwa," nikamjibu.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Zikafika. Baba akakataa.

"Hakuna mtu atakayegusa paa langu."

"Baba, ni mimi."

"Hata wewe, mama. Ziweke uani."

Uani kwetu jua haliingii. Maghorofa ya majirani yametubana huku na huku, mbele nako ni kichochoro cha kivuli, nguo zenyewe zinakauka kwa kubahatisha. Jua la maana linapiga paani tu, mteremko wa nyuma. Nikamweleza baba taratibu, akaniangalia kama mtu asiyesikia, akaondoka.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaishi pale na wanawe wadogo, ndoa ilikuwa imemshinda. Akasema mzee kiburi kimemzidi, anajali fahari ya paa kuliko mke wake. Nami nikaamini.

Siku baba alipokwenda kunyoa, nikaweka ngazi.

Sikupanda juu ya bati. Nilipanda darini. Paa la mteremko ukiliangalia kwa nje linakudanganya, lazima uingie ndani yake kwanza.

Watu wanadhani shida ya paneli ni uzito. Uzito paa la mbao nzuri linaubeba. Shida ni upepo. Kati ya paneli na bati kuna nafasi, upepo ukiingia humo unanyanyua. Kwa hiyo kila kitu lazima kishikwe na kilicho chini yake. Paneli ishikwe na reli, reli ishikwe na papi, zile mbao zinazobeba bati. Papi zishikwe na kenchi, zile fremu za mbao za pembetatu zinazobeba paa zima, na kenchi zishikwe na ukuta. Skrubu ikiuma bati peke yake, hujafunga kitu. Na kenchi isiposhikwa na ukuta, hapo paa umelipachika mabawa.

Nikawasha tochi.

Mbao safi kabisa. Kenchi zimenyooka, viungo vimekaa, mchwa hakuna hata wa kutafuta. Nikacheka peke yangu. Mzee fundi, bwana.

Kisha nikamulika zinapokutana na ukuta.

Hazikufungwa. Hakuna bolti, hakuna nondo, hakuna chochote kilichoingia ukutani kwa maana. Kila kenchi imekaa tu juu ya tofali, imeshikwa na waya mwembamba, ule wa kufungia nondo, umezungushwa kwenye msumari. Ukiwa na koleo unaukata huku unapiga stori.

Paa zima la nyumba niliyokulia lilikuwa limewekwa juu yetu kama kifuniko cha sufuria.

Nikamsubiri baba uani. Alirudi kanyolewa vizuri, akaiona ngazi, akaona vumbi kichwani kwangu. Nilidhani atafoka. Akavuta benchi akakaa.

"Umeona," akasema.

"Nimeona. Watu unawapigia mapaa kwa bolti, la kwako unafunga kwa waya?"

Alijikuna goti.

"Kiwanja hiki alinipa baba yako mkubwa," akasema. "Alinipa kwa mdomo. Na kila tukigombana ananiambia nitoke. Nikajenga kuta za tofali za udongo, hizo ningemwachia. Lakini mbao zilikuwa jasho langu. Nikalifanya paa la kuhama nalo. Siku akisema toka, nakata waya, nashusha kenchi, napakia."

"Baba mkubwa amekufa mimi nikiwa shule."

"Najua."

"Sasa?"

"Kila mwaka nasema mwaka huu nitalifunga."

Nilitaka kumkasirikia, hasira ikanigomea. Kumbe siku zote zile, sisi tunaota meno, tunaumwa, tunasherehekea matokeo ya mtihani, baba alikuwa anaishi mguu ndani mguu nje.

Nikatafuta njia. Kulifunga pale lilipo haikuwezekana, kuta za udongo zinabomoka ukiziingizia bolti. Ingebidi paa lote lishuke, zege limwagwe juu ya kuta, na kuta zenyewe zisingelibeba. Nikawaza nifunge paneli moja, lakini moja haiendeshi mashine ile. Nikawaza nimhamishie mama kwangu, mwenye nyumba akasema hataki matundu kwenye bati lake. Nikamleta fundi mwenzangu aangalie kwa macho mapya. Akapanda, akamulika, akashuka anatikisa kichwa.

Na chini ya paa lile walikuwa wanalala mama, baba, mdogo wangu na watoto.

"Amua wewe," baba akaniambia. "Mimi nilishakosea juu yake. Fundi ni wewe."

Nikaingia kwa mama. Alikuwa ameegemea mito, anavuta hewa ya mrija kidogo kidogo. Baba alishamweleza.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijali paa."

"Watoto wanalala ukuta wa pili, mama."

Akafumba macho. Mashine ikaendelea kunguruma katikati yetu.

"Haya," akasema. "Usifunge."

Alisema kwa upole, na ule upole ndio unaonimaliza mpaka leo. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Betri tuliifunga ndani, tukawa tunaichaji kwa umeme wa kawaida. Umeme ukikatika kidogo, betri inamvusha. Bosi alipopata habari alinipigia simu, na aliyoniambia siyaandiki hapa. Kifupi, mtu anayejiita fundi na anashindwa kumfungia mama yake paneli afadhali akauze nyanya.

Halafu ukaja ule mkatiko mrefu wa umeme.

Asubuhi haukurudi. Mchana haukurudi. Betri ikaanza ile pii pii ya kuishiwa, tukaanza kutafuta gari la kumkimbiza hospitali. Nje jua linawaka, jua la kukausha mahindi. Paneli zimeegemezwa ukutani sebuleni, zimegeukia ukuta, na juu ya vichwa vyetu bati linalia kwa joto. Nilikuwa nampepea mama kwa mfuniko wa ndoo.

Gari lilipofika mashine ilikuwa imenyamaza, na mama pia.

Sitaeleza msiba. Bosi alikuja, akazika, hakunisalimia. Mdogo wangu akachukua wanawe akahamia kwa rafiki yake, akasema kile chumba cha mama hawezi kukitazama. Na kabla Bosi hajaondoka, akamleta fundi mmoja wa mtaani tunayemwita Chapchap afunge zile paneli. Eti mzee hawezi kuachwa gizani.

Nilipoambiwa nikaenda mbio. Nilikuwa na hakika baba ameshamtimua.

Nikamkuta baba anamshikia ngazi.

"Baba, si unajua hilo paa lilivyo?"

"Najua," akasema, hata hakunigeukia. "Lakini sasa chini yake nimebaki mimi tu."

 Nikasimama pale nikimwangalia Chapchap anatembea juu ya bati anapiga mluzi.

Basi baba akawa na taa, redio na feni. Watoto wakawa wanakuja kumsalimia, wanakaa chini ya taa wanafanya kazi za shule, na mdogo wangu akaanza kusema huenda atarudi. Ilikuwa nyumba tena. Mimi nikiingia naangalia dari, naangalia ile taa, natamani kuizima.

Msimu wa mvua ukafika. Kila nikiona wingu baya namfuata baba, namleta kwangu. Ndiyo maana siku ile alikuwa kitandani kwangu na chai yake.

Sasa unaelewa nilichokuwa naomba. Paa likiruka, basi nilikuwa sahihi, na mama aliondoka kwa ajili ya watoto. Lisiporuka, basi aliondoka bure, na aliyeamua ni mimi.

Upepo ule haukuwa wa mchezo. Mabati yalipita dirishani yanajikunja kama karatasi. Nikasema kimoyomoyo, lichukue. Nikageuka, nikakuta baba ananitazama, midomo inamcheza. Nadhani naye alikuwa anaomba hilohilo.

Ulipotulia tukatoka. Paa la shule ya watoto wadogo limelala barabarani. Kwa fundi cherehani wanatoa vitambaa majini. Nyumba moja aliyoipaua baba mwenyewe, kwa bolti, bati la upande mzima halipo. Nikaanza kutembea haraka. Baba nyuma anajikokota na magoti yake, ananiita nimsubiri.

Tukakata kona.

Paa la baba lilikuwa palepale. Paneli zimeoshwa na mvua, zinang'aa.

Baba alikaa kwenye kizingiti, maji yakamlowanisha suruali, hakujali.

"Kumbe lingekaa," akasema.

Kisha, kwa sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kwake: "Kumbe angepumua."

"Ngoja nikaangalie," nikasema, nikachukua ngazi.

Nilipanda natafuta dalili. Waya mmoja uliokatika. Kenchi iliyosogea hata unene wa kidole. Chochote cha kushuka nacho. Nikamulika kenchi zote, upande huu na ule. Nyaya nzima. Vumbi juu ya tofali halijaguswa. Kwenye kona ya nyuma, kati ya kenchi na ukuta, kulikuwa na utando wa buibui, mzima, umenyooka vizuri, na mwenyewe amekaa katikati yake. Paa halikuwa limetikisika hata kidogo.

Nikalala kifudifudi juu ya mbao za baba nikalia, kiganja kimeziba mdomo.

"Mama," baba akaita kutoka chini. "Umeona nini?"

Nikajifuta uso kwa shati. Nikashuka nusu ngazi.

"Limenyanyuka, baba. Kenchi za nyuma zimesogea, nyaya zimekatika. Upepo ungeongezeka kidogo tu lingeondoka lote."

Akanitazama. Ni seremala yule, hajawahi kumwamini mtu kwenye habari ya mbao. Lakini magoti hayamruhusu kupanda, na sidhani kama alitaka kupanda.

"Kwa hiyo wale watoto..."

"Lingewaangukia, baba. Wao na mama pamoja."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yote yakashuka nayo.

"Basi tulifanya sawa," akasema.

"Tulifanya sawa."

Nikadhani imeishia hapo. Nilikuwa nimeanza kukunja ngazi.

"Usiikunje," akasema. "Zitoe hizo paneli."

"Baba?"

"Paa limeshanyanyuka halafu niziache zinimalize? Zitoe leo. Na mdogo wako mwambie asahau kurudi. Watoto wasikanyage hapa tena, hata kusalimia."

Ningesema nini? Mdomo ule uliomdanganya baba ukisema kweli, unamrudishia mama aliyekufa bure. Nikapanda.

Nikakuta Chapchap, huyo niliyemdharau, kila skrubu ameiingiza kwenye papi kama inavyotakiwa. Hakuna hata moja iliyolegea. Nilizifungua kwa nguvu zangu zote, moja ikanichana kiganja. Baba alikuwa chini anapokea paneli, anazifuta maji kwa kofia yake, anaziegemeza ukutani sebuleni, pale pale zilipokuwa mwanzo.

Najua mnataka funzo, simulizi bila funzo mnasema umewapotezea muda. Haya. Kenchi isiyoshikwa na ukuta, usifunge paneli juu yake. Ukiniita kesho kwako nikakuta hali ile, nitakataa tena, na nitakuwa sahihi. Ila usinitume nipande nikakutafutie uhakika kwamba uliyempoteza hakupotea bure. Nilishapanda kuutafuta. Haupo.

Jana jioni nilimpitia baba. Umeme ulikuwa umekatika. Nilimkuta amekaa gizani peke yake, chini ya paa zima, redio kimya mapajani.

Akanipisha nafasi kwenye benchi. Akaniambia tangu nimweleze ukweli, usingizi umerudi.