Nilitaka nzi wa ndoano azame, nikamuua ng'ombe wa mama

Wakuu, mimi ni mjinga. Tuanzie hapo ili tusimaliziane bando.

Niliyeyusha betri ya sola iliyokufa kwenye jiko la mkaa, nyuma ya nyumba. Masalia yake nikayamwaga kwenye migomba, palepale ng'ombe wa mama alipokuwa anafungwa.

Form four nimemaliza. Kemia nilisoma. Cheti kipo, kinakula vumbi.

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nitaeleza kama ilivyokuwa hata pale panaponiaibisha, na panaponiaibisha ni pengi.

Nipo Nyaishozi, Karagwe, na ni mtu wa ndani. Nikitumwa dukani naaga kama nasafiri. Marehemu mama alikuwa ananiita "bibi harusi", kwa vile sitoki.

Kwa hiyo nikajifunza kazi ya kukaa: kufunga nzi. Siyo nzi wa chooni. Ni ndoano ndogo unayoivisha uzi na manyoya ya kuku mpaka samaki adhani ni mdudu. Kuna dada yupo Nairobi ananitumia ndoano na sampuli, nafunga, yeye anawauzia wazungu. Wanavua, halafu samaki wanamrudisha majini. Msiniulize kwa nini.

Nzi wa kuzama lazima awe na uzito mwilini. Dada aliniandikia kabisa: zungushia waya wa shaba, usiguse risasi, ni sumu. (Risasi ile madini laini, wakuu, siyo ya bunduki. Msiniitie polisi.)

Nikajaribu shaba mizunguko michache. Nzi akaning'inia katikati ya kikombe cha maji kama mlevi asiyejua aende wapi.

Nikasema hawa wanadeka. Risasi ipo kwenye betri, bure.

Sasa ng'ombe. Aliitwa Bihogo, mwekundu, pembe ndefu. Alitoka kwa jirani yetu, Baba Koku, ambaye kwao Isingiro ni wafugaji toka enzi. Baba yangu alipofariki, Baba Koku alikuja na mtamba akamkabidhi mama kamba. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo haulizwi bei. Ukishika kamba, mmekuwa ndugu.

Siku ya tatu baada ya kuyeyusha, Bihogo alikataa majani. Akawa anasaga meno. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye mgomba, akaugonga kwa paji la uso kama hauoni. Kesho yake mchana alikuwa chini.

Bahati mbaya, siku moja kabla hajaanza kuumwa Baba Koku alikuwa amempulizia dawa ya kupe. Alikuwa anafanya hivyo kila mara, kwa hisani tu.

Bwana mifugo alipofika aliniuliza mimi, "Hapa hamjatupa betri? Ng'ombe huwa wanailamba, wanaifuata kama chumvi."

Mama alikuwa ameketi chini, kamba bado mkononi.

Nikajibu, "Hakuna, mkuu."

Nilijua palepale. Naomba msinifariji kwenye komenti kwamba eti sikujua.

Basi maneno yakaanza. "Alimpa kwa mkono wa kulia, kamchukua kwa wa kushoto." Wengine wakasema dawa kaizidisha makusudi, wivu, maana Bihogo alikuwa anakamuliwa vizuri kuliko wake. Baba Koku alijitetea mara moja tu: "Dawa nilichanganya kama siku zote." Toka siku hiyo yeye na mama wakawa wanapishana njiani bila salamu, watu waliokuwa wanakopeshana hadi moto.

Mimi nikajifungia ndani. Risasi iliyobaki nikampa fundi anayekusanya betri mbovu, udongo wa pale nikauchimba nikaufukia mbali. Halafu nikarudi kwenye shaba, safari hii kwa adabu.

Waya nautoa kwenye koili ya redio mbovu. Ni mwepesi kuliko risasi, kwa hiyo unauzungusha tabaka mbili, ila kifuani tu. Hapo nzi anavimba kama ana matumbwitumbwi. Unambana kwa koleo awe bapa kidogo. Kisha upande wa mkia unajaza nyuzi za gome kavu la mgomba, ukipunguza taratibu, mpaka mwili uteremke vizuri kutoka kifuani hadi mkiani. Mtazame senene aliyenyofolewa mbawa na miguu, kabla hajaingia kikaangoni: umbo ndilo hilo. Gome likishanywa maji, nalo linasaidia kuzama. Kichwani unaweka ushanga wa shaba ya njano, anatangulia kichwa.

Ilinichukua siku mbili kuelewa.

Siku mbili, wakuu. Uvivu wangu wa siku mbili ndio uliomuua Bihogo.

Mwaka huu mama akaugua, akalazwa Nyakahanga. Baba Koku alikuja kwa bodaboda na chupa ya maziwa. Hakuingia wodini, alinipa mlangoni. Nikampelekea mama.

"Yametoka wapi?"

"Kwa Baba Koku."

"Mwambie nimeshiba."

Alikuwa hajala toka jana yake. Hapo ndipo pa kusema, na mdomo ninao. Nikatoka na chupa, nikamkuta mzee ameshaondoka. Maziwa nikayanywa mimi, nyuma ya wodi. Yalikuwa matamu, na sijawahi kujichukia kama siku ile.

Mama hakurudi nyumbani. Siku ya kuchimba kaburi, Baba Koku alifika wa kwanza na jembe lake. Alichimba, akanawa, akaondoka bila kula.

Juzi ndiyo nikapata miguu ya kwenda kwake. Nikamweleza yote, kuanzia jiko.

Funzo langu ni fupi: mnaofunga nzi, mnaotengeneza nyavu, risasi muiacheni, shaba inatosha ukiwa na subira. Na betri mbovu isikae karibu na mfugo. Hilo lingine, la kunyamaza, kila mtu ana lake.

Jumapili nimeomba nafasi kanisani baada ya matangazo. Nimeanza na nyinyi kwa sababu hamnioni uso. Nichapeni tu, na aliyewahi kubeba kitu kama hiki aniambie alikitua vipi.

Ila jueni Baba Koku ameshawatangulia. Aliacha kuanua kahawa yake, akanitazama, akasema:

"Kwamba sikumuua mimi najua, nilijua toka siku ile. Sasa unaniambia mimi ya nini? Nenda kawaambie wasiojua, kabla na wao hawajafa."