Mrefu wa Tatu

Niliandikwa kazi kama karani wa geti katika kiwanda cha mbao hapa Eldoret, na siku ya kwanza Meneja wa Wafanyikazi hakuniuliza lolote kuhusu mbao. Alinitazama kutoka viatu hadi kichwa, akataka kujua kama shuleni nilicheza mchezo wowote. Nikasema basketi. Akasema, "Basi una kazi mbili." Uhuru ulikuwa bado mbichi, Wazungu walikuwa wanauza mashamba na kufunga mizigo, na kila kampuni ilitaka kuonekana ina timu.

Nyinyi makocha wa leo mna viwanja vya simiti. Chetu kilikuwa murram, yaani udongo mwekundu wa changarawe, nyuma ya tanuru la kukaushia mbao, na ubao wa kikapu tuliuunda wenyewe kwa mti wa sipresi uliokataliwa na wanunuzi kwa sababu ya nyufa. Mvua ikinyesha, mpira haudundi. Baadaye nilitolewa getini nikapelekwa ofisi ya ustawi, ile inayoshughulikia nyumba za wafanyikazi, mazishi na michezo. Huko ndiko nilikofanya kazi kwa moyo, na timu ikawa yangu kabisa.

Sasa, maneno ya warefu. Kwa basketi mtu mrefu anaitwa senta. Anasimama chini ya kikapu na kunyakua mpira uliogonga ubao ukarudi, yaani ribaundi. Senta mmoja anatosha, wa pili ni wa kumpumzisha. Mimi nilikuwa na watatu. Asava, Mmaragoli aliyeendesha trekta, alikuwa mchezaji safi. Kirwa alikuwa fundi wa boila, na hakuna meneja angekubali kumwachilia aende popote. Wa tatu alikuwa Chumo, mpanga mbao, mrefu kuliko wote na mzito wa miguu, jamani! Mpira ulimfikia akiwa bado anafikiria ule uliopita. Tulichokosa ni gadi, yule mfupi mwepesi wa kuleta mpira kutoka nyuma. Tawi letu la Kisumu lilikuwa na magadi wawili na hakuna mrefu hata mmoja.

Siku hizo mchezaji hakuuzwa. Aliandikiwa uhamisho, na Jumatatu yuko tawi lingine na mke na masufuria. Meneja wa Wafanyikazi, ambaye wakati huu alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu wa haraka sana, aliniita ofisini akaniuliza kama najenga timu au najenga mnara. Akataka Chumo aende Kisumu, gadi aje. Nikaona ni sawa kabisa, na nikamwambia hivyo.

Kesho yake mke wa Chumo, Mama Jerono, akaja kiwandani na lori la maziwa kutoka Ziwa, kijiji cha kwao kisicho mbali na Eldoret. Nilimpa kiti, hakukitaka. Aliniambia kwamba wao walikuwa wamenunua hisa katika kikundi kilichonunua shamba la Mzungu mmoja huko kwao. Shamba lilikuwa limepatikana ila watu hawajaonyeshwa ploti. Kamati ilikuwa imechoshwa na watu wa mjini waliojificha nyuma ya majina ya wengine, ikaamua kwamba siku ya kuonyesha ploti mwenye hisa lazima awe shambani mwenyewe, aonekane kwa macho. Asiyeonekana, ploti anapewa anayengoja. Siku yenyewe ingetangazwa mpimaji akifika, leo kwa kesho, na mtu wa Kisumu angesikia mambo yakiwa yameisha.

"Hawataki mke, hawataki ndugu. Wanataka mwenye jina," alisema. "Kocha, mkimpeleka Kisumu, mimi na watoto tutabaki kwa shamba la watu wengine."

Chumo mwenyewe alikuwa amenyamaza kwa sababu. Mfanyikazi aliyejulikana amenunua shamba alihesabiwa kama ameshaondoka, na watu wakipunguzwa huanza na yeye. Kwa hivyo hata mimi sikuweza kumweleza Meneja. Nilimwomba tu tungoje kidogo, akakataa.

Nikamwendea Asava kwenye trekta. Alizima injini akasikiliza mpaka mwisho. Kutoka Kisumu hadi kwao ni mwendo mfupi, na mamake alikuwa mgonjwa. Aliuliza tu kama huko kuna nyumba za wafanyikazi.

"Nitaenda," alisema. "Lakini kocha, unajua tukikutana nitakufunga."

"Najua."

Meneja aliposikia ninampa Kisumu Asava na kubaki na Chumo, alidhani ninaumwa. Nikamwambia kocha ni mimi. Akajibu kwamba kombe la matawi lisipokuja Eldoret, kocha atakuwa mtu mwingine.

Fainali ikachezwa kwa murram wetu, sisi na Kisumu. Gadi wetu mpya alicheza vizuri, siwezi kumlaumu. Lakini Kirwa alifanya madhambi matano, na kwa sheria za basketi, la tano linakutoa nje. Ikabidi Chumo aingie kumkaba Asava. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Chumo alijitahidi, jasho likamtoka hadi kwenye soksi, na Asava akatimiza alichoniahidi. Firimbi ilipolia alikuja kunipa mkono, akashindwa kunitazama. Jumatatu nilirudishwa getini, na huko ndiko nilikostaafia.

Leo naishi Yamumbi, nje kidogo ya mji, na makocha vijana hupita kuniuliza kama timu yenye warefu wengi imwachilie mmoja. Nawajibu kwamba kwa basketi Meneja alikuwa sawa: mwachilie wa tatu, chukua gadi. Kuondolewa timu kuliniuma na bado kunaniuma, sitadanganya. Lakini nawaambia pia wamuulize kwanza huyo mtu kuna nini kinachomngoja hapo alipo. Wengine huniona mzee wa maneno mengi.

Wiki chache baada ya fainali mpimaji alifika, na kwa kuwa sikuwa tena na mazoezi ya Jumamosi, nikaandamana na Chumo hadi Ziwa. Watu walijaa shambani wamevaa makoti. Mwenyekiti wa kamati alipanda juu ya trela akaanza kuita majina. Jina moja likaitikiwa na mwanamke aliyesema mumewe yuko kazini Nairobi. Mwenyekiti akasema pole, akaita lingine, na yule mama akabaki amesimama na mtoto mgongoni. Mama Jerono akanishika mkono wa koti.

Likaitwa jina la Chumo. Alifungua mdomo, sauti ikakataa kutoka. Mwenyekiti akaangalia juu ya vichwa vya watu wote.

"Huyo namwona," akasema, akamwonyesha mpimaji ploti ya upande wa mtoni. Mama Jerono akaketi palepale kwenye nyasi, akalia bila kujificha.