Nilivyowahukumu nyuki wa Bibi Tekla, na walivyoniumbua

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na pale nilipochemka nitasema.

Mimi ni mkazi wa Mwembesongo, Moro mjini. Nasoma masters, research yangu ni magonjwa ya nyuki. Field ilikuwa kijiji kimoja huko juu Uluguru, kwenye kikundi cha wafugaji nyuki.

Mmoja wao ni Bibi Tekla. Ana mizinga saba ya kisasa, ile unayonyanyua sega moja moja, pembeni ya shamba la kabichi. Kundi la kwanza la nyuki alirithi kwa mama yake, pamoja na shamba lenyewe. Wanaowajua Waluguru wanaelewa uzito wa kurithi kwa mama, maana kwao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama.

Shida ilikuwa chini ya mizinga yake. Kila asubuhi unakuta majana, yaani watoto wa nyuki, yamekufa na kutapakaa kwenye nyasi. Kwa wenzake chini ni peupe.

Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Mkude, akaniuliza kikaoni: "Wewe ndiye msomi wetu. Huu ni ugonjwa au siyo?"

Wakuu, sifa mbaya. Sikuwa nimefungua hata mzinga mmoja, nikajibu kwamba ni ugonjwa na unaweza kusambaa.

Sasa kikundi kina sheria yake: mzinga mgonjwa unachomwa moto na nyuki wake. Ikapangwa Jumamosi, yote saba.

Bibi hakubishana. Nilipompa shikamoo ya kuaga aliitikia, halafu akasema, "Mwanangu, ungewafungua kwanza ukawatazama."

Ilinikera sana, maana alikuwa sahihi. Mtu wa sayansi nimetoa hukumu kwa kutazama nyasi.

Alhamisi nikapanda tena mlima na bomba la moshi la kutulizia nyuki, pini na sukari ya unga, ile ya kupambia keki. Nikaomba kupima mizinga ya Bibi na ya mwenyekiti pia, nipate kulinganisha.

Sukari kazi yake ni hii: unachota nyuki kwenye chupa, unawanyunyizia, unatikisa taratibu. Utitiri, vile vidudu vinavyowanyonya na kuwaambukiza, vinaachia na kudondoka. Nyuki wanarudi nyumbani wazima, ila wana hasira. Mmoja alinidunga sikio likavimba kama andazi. Nilistahili.

Pini ni ya kuua majana machache ndani ya vyumba vya sega vilivyofunikwa kwa nta. Unaweka alama, unafunga mzinga, kesho yake unaangalia nyuki wamefanya nini.

Ijumaa tukafungua.

Kwa mwenyekiti, utitiri ulidondoka kwenye karatasi nyeupe niliyotandika na kuanza kutembea, akauona kwa macho yake. Majana niliyoyaua yalikuwa bado mle mle ndani.

Kwa Bibi Tekla utitiri ulikuwa wa kutafuta. Na vile vyumba nilivyochoma kwa pini, karibu vyote vilikuwa vitupu, safi kabisa. Maiti zilikuwa chini kwenye nyasi.

Nilitamani kupiga kelele. Nyuki wa Bibi wanamtambua mtoto mgonjwa akiwa bado amefunikwa, wanafungua, wanamtoa nje kabla hajaambukiza wengine. Watafiti wanahangaika kutafuta nyuki wa aina hiyo, na mimi nilikuwa nimeagiza wachomwe.

Jumamosi watu walifika na nyasi kavu na galoni la mafuta ya taa. Nikasimama, nikasema nilikosea, nikaeleza kila kitu. Sikuweka visingizio.

Mzee Mkude akamgeukia Bibi. "Bibi Tekla, nyuki wako wakigawanyika, naomba kundi moja."

"Kundi utapata, mwenyekiti. Kwanza ondoa hayo mafuta ya taa shambani kwangu."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi mwenyewe hakucheka, alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Leo makundi yaliyotoka kwake yapo kwenye mizinga ya karibu kikundi kizima. Wiki iliyopita Mzee Mkude kanipigia simu, furaha imemjaa: "Msomi, asubuhi hii nimekuta majana yamekufa chini ya mzinga wangu."

Somo nililopata: usiseme mzinga unaumwa kabla hujaufungua, hata kama watu wote wanakusubiri useme.

Wafugaji wa Gairo na kwingineko, chini ya mizinga yenu mnakuta nini asubuhi? Shusheni hapa. Na mnaotaka kunicheka kwa lile sikio, ruksa.