Buibui wa Uso Mwekundu

Kwiu-kwiu. Kila ninaponusa dawa ya wadudu, husikia kwanza pampu ile ikisukumwa nje ya mlango wetu, kabla mpulizaji mwenyewe hajaonekana. Siku ile Mama alikuwa amemwita aje kupulizia dawa buibui wote wa nyumbani.

Nilijibana ukutani nikiwa na simu ya Mama mkononi. Pembeni yangu ilining'inia soksi ya Baba, haijafuliwa, kwa maana nilikuwa nimegundua kwamba buibui wadogo wa uso mwekundu hupenda harufu ile.

“Toka hapo, nyathina, mwanangu,” Mama alisema.

“Angalia picha kwanza.”

Nikaikuza. Uso mwekundu kama pilipili, na mdomoni mbu mwenye tumbo lililojaa damu.

“Hiyo damu ni ya nani?”

“Yetu, Mama. Huyu anakula mbu aliyeshatuuma.”

Mpulizaji akacheka pale mlangoni. “Mama, huyu mtoto ataninyima kazi!”

Mama aliitazama picha tena, kisha akanitazama mimi kama mgeni wa heshima.

“Enda kwa jirani, Bwana. Hapa tuna askari.”

Mtu yule akatoka na pampu yake. Mama akaufunga mlango nyuma yake, polepole, asimshtue buibui wangu.